Bibi Haondoki Karakanani

3 Machi

Mdogo wangu Bisibisi,

Salamu utajichotea mwenyewe humu ndani, maana nina haraka. Ukifungua ubao wa nyuma wa Bibi ndipo utakapoikuta barua hii, nimeibandika mbali na valvu isije ikaungua. Ndiyo, Bibi mwenyewe, amplifaya yetu kongwe. Nimempakia kwenye basi la asubuhi. Mpini wake umekatika, nikamfunga kwa mkanda wangu wa suruali, kwa hiyo leo natembea mjini nimejishika kiunoni.

Anaumwa. Zamani ukimwasha alikohoa kidogo tu. Unangoja zile valvu zake, taa za kioo, zipate moto, unasikia harufu ya vumbi linaloungua, halafu ndipo anafungua mdomo. Sasa anakohoa mpaka mwisho wa wimbo. Juzi mazoezini alinyamaza kabisa katikati, nikampiga kofi la kichwa, akarudi akiunguruma. Nimempeleka kwa mafundi watatu wa hapa. Wa kwanza alitaka kumtoa matumbo yote amtie mapya. Wa pili alisema amplifaya ya umri huu ni ya kuwekea maua. Wa tatu alianza kwa kumfuta vumbi kwa kitambaa kibichi, nikamnyang'anya papo hapo.

Tumepewa siku nne za studio kuanzia tarehe mosi Juni. Nimepiga gitaa kwenye kumbi za hoteli miaka minne nikiingoja kanda hii. Mtayarishaji ana kimashine kidogo kinachoiga amplifaya yoyote ya zamani, unabonyeza tu. Nimekijaribu. Sauti ni nzuri, sikatai. Lakini uguse uzi taratibu au uuguse kwa hasira, kinakujibu vilevile, kama karani wa dirishani. Bibi ukimgusa taratibu anakunong'oneza, ukimkandamiza anakukaripia. Mimi nimejifunza gitaa nikibishana naye. Siwezi kurekodi na karani.

Sasa lile jambo lenyewe. Najua nilimchukua bila ruhusa ya Mzee wetu siku niliyoondoka nyumbani. Nimepiga simu ya karakana mara nne mwaka huu. Kila mara Mzee anapokea, anasema, "Karakana. Subiri," anaweka mkono wa simu mezani na kukuita. Hata jina langu hataji. Ujumbe nimeupata. Mweke Bibi mezani pake usiseme neno. Labda atamwonea huruma yeye, kama si mimi.

Kaka yako,
Nyuzi

11 Machi

Kaka Nyuzi,

Bibi amefika. Mkanda wako umefika pia, na umenichekesha mpaka kondakta akaniuliza kama niko sawa. Nitakurudishia kabla hujaaibika.

Nilimweka mezani pa Mzee kama ulivyosema. Alikuja na chai yake, akasimama. Akapitisha mkono juu ya lile kovu la pasi uliyomwangushia ukiwa darasa la sita. Chai ilipoa. Halafu akachukua bisibisi kubwa, akanipa ndogo, na mpaka jioni matumbo ya Bibi yalikuwa nje.

Kwa hiyo atatengenezwa, toa shaka. Lakini nisikilize, Kaka. Njoo. Si Juni, si baada ya studio. Njoo mwezi huu. Pita siku mbili tu, upige kidogo hapa karakanani, ule, urudi. Usiniulize kwa nini. Umezoea kuniuliza kwa nini tangu nikiwa na meno manne.

Na kuhusu simu, Mzee ana kazi nyingi tu. Usianze kujaza maneno pale asipoyaweka.

Mdogo wako,
Bisibisi

12 Machi

Kaka,

Hii sitaituma. Naiandika kwa sababu jana nimekuandikia barua nusu, na nusu nyingine imenikaa kooni.

Mzee hasikii.

Ilianza na sauti nyembamba, miaka mitatu iliyopita. Nilidhani ananipuuza kama ilivyo kawaida yake. Kisha ikawa honi za magari, kisha mimi. Daktari wa masikio amesema ni miaka arobaini ya kukaa mbele ya spika akizijaribu. Kile kifaa cha kuvaa sikioni kinamletea kelele za kukwaruza, amekivua na kukitia kwenye kopo la misumari. Kufikia katikati ya mwaka atakuwa amebaki na sauti nzito tu, besi na milango inayogongwa, na hizo nazo haziahidiwi.

Amenilisha kiapo. Anasema fundi wa sauti asiyesikia ni sawa na mpishi asiye na ulimi, nani atamletea kazi? Kwa hiyo tumeunda njia yetu. Mteja akija anachomeka gitaa lake na kupiga. Mimi nasimama nyuma ya bega lake. Nikishika sikio, Mzee anajua kuna mkwaruzo. Nikishika kidevu, kuna muungurumo. Nikikunja mikono, ni safi. Mzee anatikisa kichwa taratibu na kusema, "Kuna kitu kinakwaruza huku juu." Mteja anatoka akisimulia mtaa mzima kwamba masikio ya yule mzee ni ya ajabu.

Tukibaki wawili anainama na kuuma kona ya sanduku la spika kwa meno. Anasema sauti inapita kwenye mfupa. Jana alimuuma Bibi hivyo huku mimi nikivuta nyuzi moja moja kwenye lile gitaa bovu la ukutani. Nilipofika zile mbili za chini akafumba macho. Kwa zile nyingine nne hakuonyesha dalili.

Nilimwambia, "Baba, Kaka anadhani umemkasirikia. Anadhani ndiyo maana huongei naye kwenye simu."

Ilibidi niiandike kwenye karatasi. Akaisoma, akaikunja.

"Mwache adhani," akasema. "Hasira ni kitu cha mwanamume. Hii je?"

Nataka umpigie angali anasikia hata kamba mbili, Kaka. Hilo tu. Na siwezi kukuambia.

B.

2 Aprili

Bisibisi,

Njoo, njoo, njoo. Umekuwa kengele. Nije kufanya nini? Nije nisimame mlangoni ili anipe kisogo ana kwa ana?

Nilikuwa sitaki kukusimulia hili. Jumatatu nilipiga tena, wewe ulikuwa umetoka. Akapokea. "Karakana. Subiri." Nikasema, "Baba, usiweke simu, ni mimi." Nilikuwa nimesimama kwenye ushoroba wa hoteli, wapishi wanapita na masufuria, na mimi mtu mzima na ndevu zangu nikamwambia yote. Kwamba nilikosa. Kwamba nilimchukua Bibi kwa sababu nilijua nikiomba ningelia, na nikilia nisingeondoka. Nikamuuliza, "Baba, umenisamehe?"

Unajua alifanya nini? Niliisikia simu ikiwekwa mezani. Tap. Halafu nikasikia tupa ikianza kusugua chuma. Akasugua na kusugua, hana habari na mimi. Nilishikilia simu mpaka mpokeaji wageni akaja kuidai.

Tangu siku hiyo sikai. Nikikaa kitini miguu inacheza. Mpiga besi ananiuliza kama nina siafu. Nimebadilisha nyuzi za gitaa mara tatu wiki hii na hazikuwa na kosa lolote. Nitumie Bibi akipona, tuishie hapo. Sitakuwa wa kwanza kuzeeka bila neno la baba yake.

Nyuzi

19 Aprili

Kaka Nyuzi,

Nimeisoma ile habari ya simu mara nyingi kuliko inavyofaa. Ningekuwepo ningekunyang'anya huo mkono wa simu. Nisamehe mimi, kama unatafuta mtu wa kusameheana naye.

Bibi amepona. Kapasita mbili, vile vikopo vya kuhifadhi umeme, zilikuwa zimevuja kama mayai viza, zimebadilishwa. Waya mmoja ulikuwa umeachia, ndio uliomfanya azimie, umeunganishwa upya. Spika yake ya zamani haikuguswa, ingawa karatasi yake ina ufa, kwa sababu ule ufa ndio unaompa ile sauti ya mtu aliyetoka kulia. Vumbi la ndani limeachwa. Ubao haukusafishwa. Nilimpiga leo asubuhi na mlango wazi, na muuza viatu wa ng'ambo ya barabara akaacha kugonga kisigino akasimama akisikiliza. Nimefanya kazi na amplifaya mpya za kutosha, Kaka. Zinatoa sauti. Huyu anakuwa kama anakukumbuka.

Sasa jiandae kunikasirikia. Bibi haondoki hapa. Simpakii kwenye basi. Safari ya kwanza alikuja mpini umekatika, safari ya pili itamvunja valvu, na valvu zile hazitengenezwi tena. Njoo umchukue mwenyewe. Una wiki sita. Ukitaka kurekodi naye, utapita mlango huu.

Bisibisi

27 Aprili

Kwako Bisibisi,

Usijisumbue kupamba. Nimeshaelewa Bibi kazuiliwa na nani. Valvu, mpini, hizo hadithi amekutuma uniandikie. Nilimchukua bila ruhusa, na yeye sasa anamchukua bila kusema. Tumelingana. Mwambie hongera.

Mwambie pia kwamba sitakuja. Ameona atanifanya nitambae mpaka mlangoni kwake kwa ajili ya sanduku la mbao na kitambaa kilichotoboka. Nitarekodi na kimashine cha mtayarishaji. Jana nimeshakifanyia mazoezi saa nne mfululizo. Kila noti ilikuwa pale inapotakiwa kuwa, na nilipotoka nje nilitembea mpaka mwisho wa barabara na kurudi, mara sita, sijui nilikuwa natafuta nini.

Abaki naye. Azeeke naye. Na wewe uliyekubali kutumwa, ningekutarajia useme nami kweli angalau wewe.

Nyuzi

6 Mei

Kaka,

Kweli ndiyo hii. Navunja kiapo nilichokula mbele ya baba yangu, na naandika huku amekaa hatua tatu kutoka nilipo, amenipa mgongo, na naweza kusema kwa sauti kila neno ninaloliandika asigeuke.

Mzee ni kiziwi. Kabakiwa na mabaki ya sauti nzito, na hayo yanaondoka wiki baada ya wiki. Anapokea simu kwa sababu anaiona taa yake ikiwaka. Anasema "subiri" kwa sababu hajui ni nani. Siku ile ya ushoroba alikuwa ameinua kitu kisichosema. Hakukusikia ukiomba. Hakukusikia ukilia. Aliweka simu chini akaendelea na tupa yake kama anavyofanya kwa kila mtu. Alipendelea umdhanie ana hasira kuliko ujue. Na mimi nilimkubalia. Hapo ndipo nilipokosa, na nakosa kila siku tangu Machi.

Hajamzuia Bibi. Ni mimi. Nilifikiri nikimshika utakuja, utampigia angali anasikia. Badala yake nimekufanya ukae mbali zaidi.

Na kwa kuwa nimeanza, nimalizie. Bibi hakutengenezwa na Mzee. Alishika taa ya kumulika na kunielekeza kwa kidole, lakini mikono ni yangu na masikio ni yangu. Huu ni mwaka wa pili kila amplifaya inayotoka humu ni yangu, na wateja wanamshukuru yeye. Sikudai. Nilitaka tu wewe ujue.

Mwezi uliopita alikuwa anasikia kamba mbili za chini. Wiki iliyopita ilikuwa moja. Acha hicho kimashine. Acha kutembea barabarani. Panda gari.

Bisibisi

20 Mei

Fundi Bisibisi,

Ndiyo, Fundi. Kuanzia sasa barua zangu zote zitaanza hivyo, na kila mwanamuziki wa mji huu ameshaambiwa ni nani aliyeshika chuma cha moto cha kuunganishia nyaya.

Nimefika salama na Bibi kwenye magoti yangu safari nzima. Mama mmoja kiti cha pili aliniuliza kama nimebeba majivu ya marehemu, nikamwambia hapana, nimebeba mgonjwa aliyeruhusiwa.

Najua ulikuwepo, lakini niache nikusimulie, maana tangu nifike sina mtu wa kumsimulia ipasavyo. Nilipoingia saa nne ile asubuhi nilikuwa nimepanga maneno kwa saa tisa za njia. Halafu nikamwona ameinama juu ya meza, shingo imekonda kama ya jogoo, na maneno yote yakageuka ya mtu asiyeweza kuyasikia. Nikasimama kama mzigo. Wewe ndiye uliyenisukuma.

Nilichukua penseli yake, nikaandika kwenye boksi la valvu lile swali langu la kwenye simu. Akavaa miwani, akasoma, akanitazama, akasoma tena. Akaandika chini yake, "Wiki mbili." Sikuelewa. Akaninyang'anya boksi akaongeza, "Nilikasirika wiki mbili tu. Wewe umenikasirikia miaka minne." Nimelikata lile boksi, kipande kiko kwenye mfuko wa gitaa.

Na halafu kupiga. Ulimwasha Bibi, kile kikohozi kikatoka. Nilianzia kamba ya chini kabisa kama ulivyonionya, nikakaa huko huko chini, nikamkandamiza Bibi mpaka madirisha yakalia. Mzee ameweka kiganja juu ya mbao, kichwa amekiinamisha upande. Nilipomaliza aliinua uso akacheka, na akasema wazi, "Nimekusikia." Ukalia wewe, nikalia mimi, muuza viatu naye akaja kuuliza nani kafa.

Nimekusikia. Nimelirudia hilo neno njia nzima. Nilifika kwa wakati, mdogo wangu. Ulinifikisha kwa wakati. Kwa mara ya kwanza tangu ile simu, jana nilikaa kitini mpaka chakula kikaisha.

Studio imebaki chini ya wiki mbili. Mtayarishaji amemtazama Bibi, akavuta pumzi, akakiondoa kimashine chake mezani bila kuambiwa.

Kaka yako,
Nyuzi

28 Mei

Mwanangu,

Mdogo wako amenisomea, nina maana amenipa nisome, barua yako ya tarehe ishirini. Sikuwahi kukuandikia. Mwandiko wangu umezoea kuandika namba za valvu, usinicheke.

Nimekaa siku nne nikifikiria kama nikuache na furaha yako. Nimeshakudanganya vya kutosha kwa kunyamaza, sitaki kuongeza cha kusema. Kamba ile ya mwisho iliniondoka siku tatu kabla hujafika. Niliamka, nikauma sanduku kama kawaida, mbao ikatetemeka tu. Ulipopiga, nilihisi mkono wangu ukitikiswa, kama mtu aliyeweka kiganja kwenye gari linalonguruma. Sauti sikuipata hata moja. Nikainua kichwa nikaona uso wako. Nisingeweza kuuambia uso ule ukweli. Ndiyo maana nikasema nimekusikia.

Hili libaki baina yetu. Mdogo wako akijua ni siku tatu, atazihesabu maisha yake yote, atatafuta ni barua gani aliyochelewa kuituma. Yeye ndiye masikio ya nyumba hii sasa, na ni fundi kunishinda mimi nilipokuwa na yangu. Juzi nimemwambia aandike jina lake juu ya mlango. Anajifanya hajanielewa. Mwandikie umsukume.

Kuhusu Bibi, nilikaa naye miaka kumi na tisa kabla hujamchukua. Kila sauti aliyokuwa nayo ninayo kichwani, naweza kuiita muda wowote. Lakini zote ni za mikono ya watu wengine na ya utoto wako. Ya mikono yako mikubwa hii sina. Uliondoka na mikono ya kijana, umerudi ukishika gitaa kwa namna ambayo sijawahi kuiona, kidole cha tatu unakilaza, na mimi sijui kile kidole kinasema nini.

Kwa hiyo kaa chini, usitembeetembee, niandikie. Usiniandikie kwamba ilikuwa nzuri, hilo niliona mwenyewe usoni mwenu. Niandikie ilikuwaje. Anza na noti ya kwanza, halafu iliyofuata, halafu iliyofuata. Karatasi zikijaa, ongeza nyingine. Sina haraka.

Baba yako